Miaka tisa kiwandani, sasa nataka niwe mshauri wa kaizen. Mliopita njia hii nipeni ukweli

Mchapakazi_B

Habari zenu wakuu.

Niende moja kwa moja kwenye mada. Nina miaka tisa kiwandani, minne ya mwisho nikiwa supavaiza wa shifti upande wa ufungashaji. Mwaka juzi kampuni ilileta mshauri wa kaizen, yaani ule utaratibu wa Kijapani wa kuboresha kazi kidogokidogo bila kuacha, akakaa nasi wiki sita. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumzungusha, kumshikia makaratasi na kumfafanulia lugha yetu ya sakafuni. Alipoondoka akaniachia ugonjwa. Kila ninapopita naona kitu kinachonikera. Pipa la takataka lipo kushoto wakati mtu anatupa kwa mkono wa kulia. Boksi linahamishwa mara nne kabla halijabandikwa lebo. Hata nyumbani mke wangu amenipiga marufuku kugusa kabati la vyombo.

Tangu hapo nimejisomea sana. S tano, zile hatua za kupanga na kusafisha sehemu ya kazi, nazijua, kanban, zile kadi za kuagiza mzigo kwa kadiri unavyohitajika, naijua, naweza kuchora safari nzima ya mzigo tangu malighafi inaposhushwa mpaka gari linapotoka getini. Sehemu yangu lebo zilizoharibika zilikuwa zinajaza ndoo kila shifti, siku hizi hazifiki hata robo ya ndoo. Mabosi wamenipongeza, basi, imeishia hapo.

Sasa nawaza kuacha ajira nifanye hii kazi ya kuzunguka kwenye makampuni. Ninachotaka kujua ni maisha yenyewe yakoje. Siku ya kwanza ukiingia kiwanda usichokijua unaanza na nini? Vyeti vina uzito au ni mapambo ya ukutani? Na yule mshauri wetu wiki ya mwisho alikuwa amechoka hadi huruma. Nilimuuliza vipi, akanijibu "kazi hii inataka moyo", akafunga begi. Moyo wa nini hasa?

Nawasilisha.

Tuliza_Boli

Ngoja waje wajuzi. Ila mkuu, kabati la vyombo liache kama lilivyo. Ndoa haina kaizen.

Mzee wa Gemba

Mchapakazi, nimelisoma swali lako mara mbili. Niko kwenye kazi hii mwaka wa 17, na kabla yake nilikuwa fundi wa matengenezo, mtu wa grisi hadi kwenye kiwiko. Nitakujibu kwa kirefu, vuta kiti.

Nianze na huo ugonjwa wako. Ninao, na nusura unikoseshe mkataba wangu wa kwanza siku ya pili tu.

Kama umejisomea, unalijua neno la Kijapani "muda". Kwao maana yake ni upotevu: hatua za bure, kusubiri, kurudia kazi, kila jasho ambalo mteja hanufaiki nalo. Mimi nilikuwa nimetoka mafunzoni, kichwa kimejaa Kijapani, nikachukua kalamu nikaandika kwenye ubao wa mlangoni kwa herufi kubwa: TUONDOE MUDA. Nikaingia ofisini kuongea na meneja. Nilipotoka laini mbili zimesimama, watu wamejaa ubaoni, na mwakilishi wa wafanyakazi amekunja mikono kifuani. Akaniuliza kwa adabu kabisa: "Bwana mshauri, mnaondoa muda upi? Wa mapumziko au wa kwenda msalani?"

Nikaanza kujieleza kwamba ni Kijapani, kwamba huko maana yake si saa. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja wa upande wa ukaguzi akasema taratibu, "Hata kiwe Kijapani, mtakachokuja kuondoa ni muda."

Nilikuja kumwelewa baadaye. Kiwandani pale watu wenye saa mkononi walishapita mara tatu, na kila walipopita idadi ya vipande kwa shifti ilipanda. Mashine zilibaki zilezile, kusubiri malighafi kulekule, kilichoongezeka ni mbio. Tangu siku ile sitamki "muda" kwa maana ya Kijapani mbele ya watu wa Kiswahili, na wiki ya kwanza saa ya sekunde haitoki kwenye begi. Jibu la swali lako la siku ya kwanza ndilo hilo. Nasimama. Sisimami kwenye mashine, nasimama njiani, mahali vitu vinapopita, kwa sababu mashine huwa zina wa kuziangalia, njia haina. Kiwanda kimoja nilisimama kwenye korido saa mbili na nusu, toroli ileile ikanipita mara tatu na mzigo uleule. Kijana aliyekuwa anaisukuma wala hakuona ajabu. Kila alikopeleka aliambiwa "bado, rudisha kwanza".

Ukitaka kuielewa hii taaluma, anzia kwenye kitambaa kabla ya magari. Mwaka 1924 Mjapani Sakichi Toyoda alikamilisha mtambo wa kufuma uliokuwa unasimama wenyewe uzi ukikatika. Mitambo ya kawaida uzi ukikatika iliendelea kufuma kitambaa kibovu, kwa hiyo ilibidi mtu akae ameikodolea macho kama mlinzi wa geti. Mtambo ulipojua kusimama, mtu mmoja aliweza kuhudumia mingi, na hakuna aliyeambiwa akimbie. Mwanawe Kiichiro ndiye aliyeanzisha kampuni ya magari ya Toyota mwaka 1937, na Taiichi Ohno, aliyekuja kuujenga ule mfumo tunaousifia, alitokea kwenye ufumaji akahamia kwenye magari mwaka 1943. Mawazo ya nyuzi alihama nayo.

Jina "lean", ambalo mfumo huo wa Toyota unaitwa siku hizi, lenyewe si la Kijapani. Lililetwa mwaka 1988 na John Krafcik, Mmarekani aliyepitia NUMMI, kiwanda cha ubia wa Toyota na General Motors kule California. Maana yake ni konda, isiyo na manyama uzembe. Mimi naona jina hilo limetuponza. Bosi akisikia habari za kukonda, macho yake yanakwenda moja kwa moja kwenye orodha ya mishahara.

Nikupe sasa kosa langu kubwa, maana mafanikio utayasoma kwingine. Kiwanda cha vifuniko vya plastiki. Mashine inamimina plastiki ya moto kwenye moldi, na kila wakibadilisha aina ya kifuniko lazima washushe moldi moja wapandishe nyingine. Walikuwa wanatumia saa mbili na dakika 50. Kila aliyeniongoza alisema moldi ni nzito, tukubali tu. Nikaomba ruhusa ya fundi, nikakaa pembeni na karatasi, nikaandika kila anachofanya. Kati ya dakika 170, muda ambao spana ilikuwa kwenye bolti haukuzidi dakika 35. Kwingine kote ni hivi: winchi ya kunyanyulia ipo upande wa pili na inatumika. Bolti zina urefu wa aina tatu, kwa hiyo spana tatu, na moja haionekani. Mipira minane ya maji ya kupozea haina alama, fundi anaunga, anafungua maji, panavuja, anafunga, anabadilishana. Mwishoni vifuniko vya kwanza vinatoka, mtu anavipeleka jengo la pili vikakaguliwe, mkaguzi yupo kwenye kikao.

Hapo mashine imekaa kimya inatuangalia.

Dawa yake si siri. Mhandisi wa Kijapani Shigeo Shingo aliieleza zamani: tenga kazi ambayo lazima mashine isimame na kazi inayoweza kufanyika ikiwa bado inatembea. Mwaka 1969 pale Toyota walikuwa na presi ya tani 1,000 iliyohitaji saa nne kubadilishwa, wakaishusha hadi saa moja na nusu, na baadaye hadi dakika tatu. Sisi tulipaka mipira rangi, tukafanya bolti zote ziwe za urefu mmoja, tukatengeneza toroli yenye kila kifaa ikisogezwa kabla mashine haijazimwa, na mkaguzi akawa anaitwa dakika kumi mapema. Wazo la rangi lilikuwa la fundi mwenyewe, alishalitoa zamani akaambiwa rangi haipo kwenye bajeti. Miezi mitatu, tukafika dakika 41. Tukapigiwa makofi, nikapigwa picha na mkurugenzi.

Miezi mitano baadaye nikapita kuwasalimia. Stoo imejaa mpaka darini, vifuniko vimepangwa hadi kwenye njia, foklifti inahamisha paleti tatu ili ifikie moja. Nini kimetokea? Meneja wa uzalishaji bonasi yake ilihesabiwa kwa vipande kwa siku. Zile saa mbili nilizomwokolea alizitumia kuendelea kumimina kifuniko kilekile, wakati maana yote ya kubadilisha moldi haraka ni kuibadilisha mara nyingi, utengeneze kidogokidogo kile kilichoagizwa. Ohno aliuweka uzalishaji wa kupitiliza juu ya kila upotevu mwingine kwa sababu unaficha mengine yote, na mimi niliusaidia kwa mikono yangu. Nilimpima fundi kwa dakika, na kumuuliza meneja yeye anapimwa kwa nini hakukuniingia akilini. Siku hizi ndilo swali langu la kwanza kabisa, hata kabla ya kuvaa helmeti.

Vyeti: hakuna leseni ya dunia nzima ya kaizen. Vile vyeti vinavyoitwa mikanda ya kijani na myeusi ni vya six sigma, mbinu ya kupunguza kasoro kwa takwimu, iliyoanzia Motorola huko Marekani mwaka 1986, Japani haihusiki. Ni hesabu nzuri na itakufaa, lakini mteja mwenye akili atakuuliza "ulifanya wapi, kabla ilikuwaje, baada ikawaje, leo ipoje". Hilo la mwisho ndilo linalowatoa wengi jasho. Malipo ni ya siku, na kuna miezi yenye siku na miezi isiyo nazo. Usiache ajira kabla hujawa na akiba ya kukaa nusu mwaka bila simu kuita. Kukaa mbali na familia sitaki hata kulieleza, mwenye kabati la vyombo atalieleza vizuri zaidi.

Zamu_ya_Usiku

Mimi ni yule anayefanyiwa hiyo kaizen, kwa hiyo niruhusuni niongee bila kupaka mafuta.

Kwetu alikuja mshauri kijana, mtu mzuri, salamu nyingi. Alitufundisha S tano kwa Kiswahili, sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia, tukaimba kama chekechea. Tukachora mistari ya njano sakafuni. Kila kitu kikawekewa kivuli chake ukutani, hadi ufagio. Tulifurahi, nisiseme uongo, kulikuwa na usafi ambao hatukuwahi kuuona. Halafu wakafunga kamba juu ya laini, wakasema ukiona kasoro vuta, hata wewe wa chini kabisa una mamlaka ya kusimamisha kazi.

Aliyeivuta wa kwanza ni mwenzangu tunayekaa meza moja. Chupa zilikuwa zinakuja na shingo imepinda. Kengele ikalia. Dakika nne hajafika mtu. Alipofika mtu alikuwa meneja, na swali lake la kwanza lilikuwa "nani amevuta?" Akaitwa ofisini, akaandika maelezo. Kamba ipo mpaka leo, kuna mtu ametundikia koti.

Miezi sita baada ya mshauri kuondoka, wenzetu tisa wakaambiwa nafasi zao hazihitajiki tena. Kazi zao ndizo zilezile tulizozirahisisha sisi wenyewe kwa mawazo yetu tuliyoandika kwenye vikaratasi. Sasa Mzee wa Gemba, wewe mwenye miaka 17, nijibu. Kwa nini nimpe mshauri mwingine wazo?

Mzee wa Gemba

Zamu_ya_Usiku, usimpe. Nasema kwa dhati. Usimpe mpaka aliyemleta aseme kwa maandishi nini kitampata mtu ambaye kazi yake imerahisishwa.

Na mimi mikono yangu si misafi. Mwaka wangu wa nne niliwaachilia watu sita kutoka kwenye laini moja. "Kuwaachilia" ndiyo lugha yetu, ona ilivyo tamu. Nilipendekeza wawe kikosi cha maboresho, mwenye kiwanda akakubali kwa kichwa. Wiki ya pili baada ya kufunga mkataba wangu, wote sita wako nje. Nilirudi mwaka uliofuata kwa kazi nyingine. Kile kisanduku cha mawazo, kilichokuwa kinajaa kila Ijumaa, nilikifungua mwenyewe nikakuta funguo za baiskeli na vumbi.

Tangu hapo kuna kifungu kimoja ambacho bila hicho sisaini: hakuna atakayepoteza ajira kwa sababu ya maboresho tutakayofanya. Atahamishwa, atafundishwa kazi nyingine, akistaafu nafasi yake inaweza isijazwe, lakini kufukuzwa hapana. Miaka mitatu hii wamiliki wawili wamekataa na nikachukua begi langu. Sikuwa na kazi nyingine mkononi. Mchapakazi, uliuliza moyo wa nini? Ni wa kutoka kwenye ofisi yenye kiyoyozi ukiwa huna mkataba, halafu mwanao anapiga simu ya ada.

Wanaoniambia kifungu hicho ni ndoto huwa nawapa historia. Mwaka 1950 Toyota yenyewe ilikuwa ukingoni mwa kufilisika, ikapunguza watu, pakawa na mgomo mkali, na Kiichiro Toyoda akajiuzulu urais wa kampuni aliyoianzisha. Kampuni iliyotoka kwenye msukosuko ule ilijenga maelewano ya kulinda ajira, na mfumo wote tunaouhubiri umekua juu ya udongo huo. Pale NUMMI pia, mauzo yaliposhuka mwishoni mwa miaka ya 1980 walibaki na watu wao, wakawapeleka mafunzoni na kwenye kazi za maboresho badala ya kuwaweka nje. Ukiing'oa kaizen kutoka hapo ukabaki na mistari ya njano, umebaki na rangi.

Kuhusu ile kamba. Toyota ukiivuta, laini haisimami papo hapo. Taa inawaka, kiongozi wa kikundi anakuja, na kama tatizo halijatatuliwa kabla kipande hakijafika alama fulani, ndipo laini inasimama. Kwa hiyo kamba si mamlaka ya kusimamisha tu, ni kengele ya kuita msaada, na anayedaiwa maelezo ni yule anayeitwa. Dakika nne bila mtu kufika maana yake hapakuwa na mtu aliyepangiwa kufika. Mshauri wenu alifunga kamba, upande wa pili hakumfunga mtu. Ningekuwa mimi ningekaa wiki nzima na mameneja tukifanya zoezi la swali la kwanza. Kuna mmoja nilimfundisha aseme "asante kwa kuita, nionyeshe". Ilimchukua siku nane kulitamka bila kung'ata meno.

Mwambie mwenzako koti alitoe.

Zamu_ya_Usiku

Koti si lake, ni la meneja 😂

Ila nimekuelewa mzee. Angalau umejibu.

Mchapakazi_B

Shikamoo mzee wangu, na Zamu_ya_Usiku asante sana, umenitoa tongotongo. Ile idadi yangu ya lebo niliitangaza kwa kifua mbele. Jana usiku nikakumbuka kwamba dada aliyekuwa anazichambua zile lebo mbovu alihamishiwa usafi, na mimi sikumuuliza hata siku moja kama alitaka.

Ajira siachi kwanza. Leo asubuhi kabla ya shifti yangu nilifanya ulivyosema, nikasimama njiani, sina saa wala karatasi. Dakika 50 sikuona kitu, nilijisikia mjinga, watu wananipita wananisalimia wakidhani nimesimamishwa kazi. Halafu nikaona jambo dogo. Opareta wa mashine ya pili ana spana namba 13 ameificha ndani ya soksi. Ameitumia, ameirudisha kwenye soksi, ametazama huku na huku. Ubao wa vifaa upo hatua tatu kutoka kwake, nimeuchora vivuli mimi mwenyewe, na kivuli cha 13 kipo wazi tangu mwezi uliopita. Nilishaandika ripoti kwamba imepotea.

Niifanyeje hii? Kanuni inasema kifaa kirudi mahali pake.

Mzee wa Gemba

Marahaba kijana. Kanuni iache kwanza, na ripoti usiiguse.

Kesho mfuate akiwa peke yake. Usiitaje soksi. Muulize mara ya mwisho alipoihitaji spana akaikosa ubaoni ilikuwa lini, mashine ilisimama kwa muda gani, na nani alifokewa. Halafu rudi hapa utuambie.